Ghala Limejaa, Watu Wanakufa: Funzo la Njaa Kutoka Cairo Hadi Kwetu



Ramadhani imetufikia tena na sote tunafunga. Njaa tunayoijua wengi wetu ni ile ya saa kumi na mbili jioni, harufu ya viazi vya karai inatoka jikoni na masikio yote yako kwa muadhini. Hiyo ni njaa yenye saa yake ya kwisha. Lakini iko njaa nyingine isiyokuwa na adhana ya magharibi. Mtu anaanza nayo leo na hajui itakwisha lini, wala kama itamwacha hai.

Tukiulizwa njaa hiyo inatoka wapi, jibu letu huwa la haraka. Mvua haikunyesha, ni mtihani wa Mola. Ni kweli kila jambo li mikononi mwa Allah (S.W.T.), na hakuna Muislamu anayepinga hilo. Lakini historia yetu wenyewe inatufundisha kuuliza swali la pili: chakula kilichokuwepo kilikwenda wapi?

MKUFU WA DINARI ELFU MOJA

Twende Misri, zama za Khalifa al-Mustansir wa ukoo wa Fatimiyya. Kuanzia mwaka 1065 hadi 1072 (457 hadi 464 H) nchi ile ilipatwa na dhiki ya miaka saba ambayo mpaka leo Waarabu huiita Shida ya Mustansir. Mto Nile haukujaa inavyotakiwa, vikosi vya askari vilikuwa vikipigana vyenyewe kwa vyenyewe, na wakulima waliyakimbia mashamba.

Mwanahistoria al-Maqrizi amesimulia kisa cha mwanamke mmoja wa nyumba ya kitajiri. Alikuwa na mkufu wa thamani ya dinari elfu moja, akazunguka nao mjini akitafuta wa kumpa unga. Kila aliyemwendea alimkatalia. Mwishowe akampata mmoja aliyekubali kumbadilishia kwa gunia la unga. Njiani watu wenye njaa wakamvamia na kumpora, akabaki na unga wa mkate mmoja tu. Akauoka. Kisha akaenda nao hadi penye kasri ya khalifa, akasimama mahali palipoinuka, akaunyanyua juu watu wauone. Akawahimiza wamuombee dua bwana wao al-Mustansir, kwani kwa baraka za utawala wake yeye ameupata mkate huu mmoja kwa dinari elfu!

Kejeli ile ilimfikia khalifa na ikamchoma. Akamwita liwali wa mji, akamwapia kwamba mkate usipoonekana sokoni, kichwa chake kitaondoka. Sasa liwali akafanya nini? Alitoa gerezani watu waliokwisha kuhukumiwa kifo, akawavisha majoho mapana na vilemba kama matajiri wa nafaka. Halafu akawakusanya wafanyabiashara, wasagaji na waoka mikate wa mji mzima. Akaletwa wa kwanza wa wale wafungwa, akashutumiwa kwa kuficha nafaka, akakatwa kichwa mbele ya wote. Akaletwa wa pili, naye vivyo hivyo. Alipoletwa mwengine, wafanyabiashara wakasimama na kulia: basi, yatosha, tutatoa! Maghala yakafunguliwa, vinu vikaanza kusaga, mkate ukarudi sokoni na bei ikashuka.

Ndugu msomaji, hatukisimulii kisa hiki ili kuusifu ujanja wa liwali. Hadaa na umwagaji damu si njia ya uadilifu. Tunakisimulia kwa sababu ya jambo moja. Nile haikujaa siku ile. Mvua haikunyesha. Hakuna aliyevuna hata kibaba. Lakini mkate ulipatikana! Kumbe nafaka ilikuwepo muda wote ule ambao watu walikuwa wakianguka njiani.

MTU ALIYEULIZA SWALI

Huyu al-Maqrizi ni nani? Alizaliwa Cairo mwaka 1364 na kufariki mwaka 1442. Alikuwa mmoja wa waliosoma kwa Ibn Khaldun, yule mwanachuoni mkubwa wa Tunis aliyehamia Misri. Mwaka 1399 alipewa kazi ya muhtasib wa Cairo, na akaishika zaidi ya mara moja. Muhtasib ndiye msimamizi wa soko. Anakagua mizani na vipimo, anaangalia mkate usipunguzwe uzani, maziwa yasitiwe maji, na chakula kisifichwe. Basi alipoandika juu ya njaa hakuwa mtu wa vitabuni tu. Alikuwa ameshika mizani kwa mkono wake na ameyaona maghala kwa macho yake.

Mwaka 1403 (806 H) Nile ilishindwa tena kufikia kimo chake. Pale kisiwa cha Rawda, Cairo, kuna kipimo cha mto kilichojengwa mwaka 861, nguzo yenye alama za dhiraa. Kwa desturi mto ulihitaji kufika dhiraa 16 ili mashamba yapate maji ya kutosha. Ukikosa, mji mzima ulijua siku hiyo hiyo, na bei ya ngano ilianza kupanda kabla hata ya mbegu kutiwa ardhini. Mwaka ule mambo yalikuwa mabaya na maradhi yakafuata nyuma ya njaa. Watu wakasema haijapata kutokea dhiki kama hii, na wala haitakwisha.

Mwaka 1405 (808 H) al-Maqrizi akaandika kitabu kidogo kuwajibu. Jina lake ni Ighathat al-Umma bi-Kashf al-Ghumma, yaani kuusaidia umma kwa kuifichua dhiki. Alieleza njaa zilizotangulia, moja baada ya moja, ili watu wajue kwamba yalikuwepo makubwa zaidi na yakapita. Kisha akasema mambo haya yana sababu, na sababu zikijulikana zinaweza kuondolewa. Hakukana kadari ya Mola. Alichokataa ni wakubwa kujificha nyuma ya kadari.

SABABU TATU

Sababu ya kwanza aliyoitaja, na ndiyo mama ya zote, ni vyeo kununuliwa kwa rushwa. Uwaziri, ukadhi, uliwali, hata hiyo hisba yenyewe, vilikuwa vikitolewa kwa mwenye kutoa mali zaidi. Aliyenunua cheo hujaza deni lake vipi? Humkamua aliye chini yake, na wa chini humkamua mkulima. Mkulima akishindwa hukimbia, na shamba hubaki pori.

Sababu ya pili ni kupanda kwa kodi ya ardhi. Wasimamizi wa mashamba ya maamiri walikuwa wakiipandisha mwaka hadi mwaka, na gharama ya mbegu na ya wavunaji ikapanda pia. Kwa hivyo hata mwaka ambao Nile ilijaa vizuri, nafaka ilitoka shambani ikiwa tayari ni ghali.

Sababu ya tatu ni pesa. Sarafu za dhahabu na fedha zilitoweka mikononi mwa watu, na mahali pake zikamiminwa sarafu za shaba ziitwazo fulus. Shaba iliagizwa kutoka Ulaya, wakubwa wakapata faida kwa kuzichapa, na maskini akajikuta mshahara wake ni uleule kwa hesabu lakini haununui tena chakula kilekile.

Halafu akafanya jambo ambalo wataalamu wa uchumi wanalistaajabia hadi leo. Aliwagawa watu wa Misri mafungu saba. Kuna watawala, matajiri wa biashara, wafanyabiashara wa kati na wenye maduka, wakulima, wanavyuoni na wengine wanaoishi kwa posho maalumu, mafundi na vibarua, na mwisho mafukara. Akaeleza dhiki ilivyolipata kila fungu. Wako walioipita salama, na wako waliofaidika nayo. Wenye posho isiyobadilika waliumia. Ama mafukara, wengi wao waliangamia.

Kwa hivyo njaa haikuingia kila nyumba kwa mlango mmoja. Katika mji mmoja na mwaka mmoja, huyu alizika watoto na yule alijenga ghorofa.

KUWEKA AKIBA SI DHAMBI

Hapa lazima tuwe waadilifu. Sheria yetu haikukataza kuhifadhi chakula. Nabii Yusuf (A.S.) katika nchi hiyohiyo ya Misri alisimamia kuwekwa kwa mavuno ya miaka saba ya neema ili yafae katika miaka saba ya ukame. Mkulima anayeweka mavuno yake, na baba anayejaza pipa la unga kwa ajili ya wanawe, hawana lawama.

Kinachokatazwa ni ihtikari. Huko ni kukinunua chakula wakati watu wanakihitaji, kisha kukifungia ili dhiki izidi na bei ipande. Mtume (S.A.W.) amekikemea kitendo hiki na kumhesabu mwenye kukifanya kuwa mkosaji. Ghala la Nabii Yusuf na ghala la mlanguzi huenda kwa nje yakafanana kabisa. Tofauti ni moja tu: la kwanza linafunguliwa watu wanapopata shida, na la pili linafungwa hapohapo.

MWAKA WA MAJIVU

Huenda kijana akauliza, je, yuko mtawala aliyefaulu mtihani huu? Yuko. Mwaka 18 Hijria (639) Bara Arabu lilikaukiwa na mvua mpaka ardhi ikawa na rangi ya majivu. Mwaka huo ukaitwa Aamu Ramada, mwaka wa majivu. Mabedui walimiminika Madina.

Sayyidna Umar (R.A.) aliomba mvua, tena kwa kumtanguliza Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.). Lakini hakuishia kwenye dua. Aliwaandikia magavana wake, na misafara ya ngamia waliobeba chakula ikaja, hasa kutoka Sham. Watu walipikiwa hadharani, na wapokezi wanasimulia kuwa walihesabiwa ili ijulikane wangapi wamekula na wangapi wamebaki majumbani. Alichelewesha kukusanya zaka ya mifugo mwaka ule, asiwatoze watu waliokuwa hawana kitu. Na mwizi aliyesukumwa na njaa hakukatwa mkono. Umar alitambua kwamba mtu akiiba mkate kwa njaa, wa kuulizwa kwanza ni jamii iliyomwacha na njaa.

Yeye mwenyewe alijikataza samli na nyama mpaka watu wote wapate. Rangi yake ikabadilika kwa kula mafuta ya zeituni. Na baada ya Misri kufunguliwa, mfereji wa kale uliounganisha Nile na Bahari ya Sham ulichimbuliwa upya, na nafaka ikawa inasafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Hijazi. Maana yake ni kwamba hakungojea ukame wa pili ndipo aanze kufikiri.

BENGAL, 1943

Tukitoka zama hizo, tuje karne iliyopita. Mwaka 1943 jimbo la Bengal, India, lilikuwa chini ya Muingereza, na zaidi ya nusu ya wakaazi wake walikuwa Waislamu. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimepamba moto. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele wa Burma ukakatika. Serikali ya kikoloni iliogopa adui asije akaingia Bengal, ikachukua maelfu ya mashua za wavuvi na wachukuzi na kuondoa mchele wilaya za pwani. Oktoba mwaka huo kimbunga kikali kikapiga.

Mchele ukaanza kupanda. Jijini Calcutta, maund moja (kama kilo 37) ilikuwa rupia 13 au 14 mwezi wa Desemba 1942. Kufikia mwisho wa Mei 1943 ilikuwa imepita rupia 30. Mshahara wa kibarua wa shamba haukupanda hivyo. Serikali ilihakikisha askari, watumishi wake na wafanyakazi wa viwanda vya Calcutta wanapata mchele. Walanguzi nao waliuficha wakingoja bei zaidi. Watu wa vijijini wakaenda kwa miguu hadi mjini na kufia kando ya maduka yaliyokuwa na chakula. Tume ya serikali mwaka 1945 ilikisia waliokufa ni milioni moja na nusu, lakini watafiti wengi wa baadaye wanataja takriban milioni tatu. Mchoraji Zainul Abedin, kijana wa Kiislamu wa huko, aliwachora watu wale kwa wino mweusi, na michoro yake ni ushahidi hadi leo.

Mtoto mmoja aliyekuwa na umri wa kama miaka tisa aliiona njaa ile. Jina lake ni Amartya Sen, na alipokua akawa mtaalamu wa uchumi. Mwaka 1981 alichapisha utafiti uliotikisa dunia. Kwa hesabu zake, chakula kilichokuwepo Bengal mwaka 1943 kilikuwa kingi kuliko cha mwaka 1941, na 1941 hapakuwa na njaa. Wapo waliompinga wakisema upungufu wa mavuno ulikuwa mkubwa kuliko alivyokadiria. Lakini hoja yake kuu imesimama: watu hufa njaa wanapopoteza uwezo wa kukipata chakula, hata kama chakula kipo. Waliokufa Bengal walikuwa vibarua, wavuvi na mafundi. Mwaka 1998 Sen alipewa tuzo ya Nobel.

Sasa rudi nyuma uyaangalie mafungu saba ya al-Maqrizi. Miaka karibu mia sita kabla, muhtasib wa Cairo alikuwa ameuliza swali lilelile: nani anakufa, na kwa nini huyu na si yule?

NA SISI KENYA JE?

Mwaka huohuo wa 1943 Kenya nayo ilikuwa na njaa, chini ya serikali hiyohiyo ya Muingereza. Udhibiti wa mahindi ulianzishwa mwaka 1942. Mkulima wa kizungu alihakikishiwa bei nzuri, na Mwafrika akalipwa bei ya chini kwa mahindi yaleyale. Uhaba ulipozidi, ikabidi iundwe tume ya kuchunguza.

Haya, huyo alikuwa mkoloni. Lakini baada ya mkoloni? Januari 2009 Rais Mwai Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Watu milioni 10 walikuwa hatarini. Wakati huohuo ikafichuka kwamba mahindi ya akiba ya taifa, yaliyotengwa kuuzwa kwa bei nafuu kwa wasagaji ili unga ushuke, yalipewa watu wasiokuwa hata na mashine ya kusagia. Walichofanya ni kuuza vibali vyao kwa wengine na kutia faida mfukoni bila kugusa gunia. Ukaguzi uliotolewa mwaka 2010 ulithibitisha mchezo huo. Al-Maqrizi angekuwepo asingeshangaa hata kidogo. Hiyo ndiyo sababu yake ya kwanza.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Tangu hapo, mwaka 2017 na tena 2022, unga ulipanda mpaka serikali ikalazimika kuufidia. Haki imeandikwa, lakini haki iliyoandikwa haiivi kwenye sufuria.

MIZANI ILIYO MIKONONI MWETU

Ni rahisi kuwalaumu wakubwa na kuishia hapo. Lakini ndugu zangu, hebu tuangalie masoko yetu sisi. Kila mwaka mwezi ukikaribia kuandama, tende zinapanda, nazi zinapanda, muhogo na mbaazi pia. Zipo sababu za kweli, kwani wanunuzi ni wengi na usafiri ni ghali, na mfanyabiashara ana haki ya faida ya halali. Lakini aliyenunua tende mwezi wa Rajabu kwa bei ya chini na kuzifungia mpaka Ramadhani ili ammalize Muislamu mwenzake aliyefunga, huyo ajiulize ghala lake ni la Nabii Yusuf au ni la wale wa Cairo. Surat al-Mutaffifin inaanza kwa onyo kwa wanaopunja katika vipimo. Hakuna mwezi uliotolewa katika onyo hilo.

Na jikoni je? Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani zaidi ya bilioni moja za chakula, na sehemu kubwa ilitoka majumbani. Mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 walikuwa na njaa. Sisi tunaofunga ndio tunaopika sahani kumi za futari, tukala tatu na saba zikalala. Mkate unaotupwa hapa hautamfikia mwenye njaa wa Wajir, ni kweli. Lakini pesa yake ingemfikia.

Vijana, liko jambo tunaloliweza. Katika kila msikiti iundwe kamati ndogo ijue ni nyumba zipi za mtaa wetu hazina daku, kama watu walivyohesabiwa kwa Sayyidna Umar (R.A.). Zaka itolewe kwa orodha, si kwa kujuana. Na zakatul-fitri, ile pishi ya chakula kwa kila kichwa, ifike kabla ya swala ya Idi. Sheria ilivyoiweka ni haki ya maskini na si hisani ya tajiri. Mtu haombi haki yake, hupelekewa. Tukiitoa kwa wakati na kwa kipimo kilichotimia, angalau siku moja katika mwaka hakuna mlango wa Muislamu utakaopambazukiwa na njaa. Na tukiweza siku moja, tutakuwa tumejua kwamba zilizobaki nazo zinawezekana.

Mola atukubalie saumu zetu, atuepushe na kula haki za wenye njaa, na awape riziki ya halali wote waliolala bila kitu usiku wa leo. Aamin.